Majeneza Niliyaweka Namba Tisa

Hili jambo sijawahi kulisimulia mbele ya watu zaidi ya wawili, na hata leo nalisema kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu, maana kila nikishika njia ya kwenda Chamwino moyo unanidunda kama mwizi aliyeona askari, na wala sikuiba kitu cha mtu. Niliaibika tu, nikaaibika mbele ya kijiji kizima, msibani, mchana kweupe, na ile aibu nilijitengenezea mwenyewe karakanani kwangu kwa mikono ya watu ninaowalipa.

Nina karakana ya useremala hapa Dodoma, upande huu wa kuelekea Mtumba. Ni karakana ya kawaida, bati juu, vumbi la mbao chini, mafundi wanne, na mimi mwenye mali ambaye (niseme ukweli) kushika randa nilishasahau siku nyingi. Tunatengeneza sofa, vitanda na makabati, na kule pembeni ukutani tunasimamisha majeneza matatu au manne ya akiba, kwa sababu mfiwa hawezi kusubiri wiki mbili kama mtu anayesubiri kabati. Tangu wizara zihamie huku wateja wetu wengi ni watumishi, watu waliopanga au wanaomalizia nyumba zao, na hao ni wateja wazuri ila wana simu. Anaagiza sofa leo, kesho anapiga kuuliza imefikia wapi, keshokutwa anatuma picha ya sofa nyingine aliyoiona kwa jirani.

Fundi mkubwa alikuwa Mzee Ndahani. Mgogo wa Chamwino, umri wake sitini na kitu, mfupi, mkimya, mtu wa kuongea Kiswahili taratibu kana kwamba kila neno analipima kwa futi kamba kabla ya kulikata. Ndiye aliyenifundisha kutofautisha mbao kavu na mbichi wakati naanza, nami sijui lolote zaidi ya kuwa na kiwanja na hamu ya kuitwa mfanyabiashara. Angeweza kuwa baba yangu, lakini aliniita bosi miaka yote, nami kila asubuhi nilimwamkia shikamoo nikadhani heshima ndiyo hiyo na imetosha.

Sasa nikaitwa semina. Semina ya wajasiriamali wadogo, siku mbili, ukumbi mzuri, fulana ya bure, na mwezeshaji mmoja, dada mchangamfu sana, ambaye jambo la kwanza alituambia tusiseme tena matatizo, tuseme changamoto. Akatugawia kadi, akasema kila mtu aandike changamoto zote za biashara yake, moja kwa kila kadi, halafu azipange kwa kutumia safu mbili: safu ya kwanza aandike ni watu wangapi wanalalamikia jambo hilo, safu ya pili aandike likitokea linaumiza kiasi gani. Safu ya kwanza niliijaza vizuri, hata jirani yangu alichungulia. Nilipofika ya pili simu ikaita, alikuwa mama mmoja wa Mtumba anauliza sofa yake, nikatoka nje kumbembeleza, na niliporudi watu walishapanga foleni ya chakula, wali unanukia, nikaangalia ile safu tupu nikaona moja inatosha (nilikuwa na njaa, hiyo ndiyo sababu, hakuna sababu nyingine ya kitaalamu).

Basi nikarudi karakanani na orodha yangu, nikaibandika ukutani nikawakusanya mafundi. Namba moja, sofa kuchelewa. Namba mbili, vanishi inanata. Namba tatu, watu hawatufahamu. Ikaendelea hivyo, choo, umeme, vumbi kumfikia jirani, mpaka namba tisa kule chini kabisa: vitako vya majeneza.

Hilo la vitako nililiandika kwa sababu Mzee Ndahani alikuwa amenisumbua nalo. Alisema plaiwudi tunayoletewa siku hizi ni nyembamba na ikipata majimaji inaachana yenyewe, na akasema jeneza lazima litiwe mbao tatu za kukingama chini ya kitako, zishike pande zote mbili, ndivyo alivyokuwa akifanya yeye, na kazi hiyo peke yake ilimla nusu siku. Mimi nilikuwa naona nusu siku ya fundi mkubwa inapotea kwenye kitu ambacho kinaenda kufukiwa.

Nikamwuliza mbele ya wenzake, ni nani amewahi kurudi hapa kulalamika kuhusu jeneza. Mafundi wakacheka. Nami nikacheka, nikajiona mwalimu. Mzee Ndahani akangoja tunyamaze.

"Bosi," akasema, "sofa wanaikalia kila siku, ndiyo maana wanasema. Jeneza lina siku moja tu. Siku hiyo likikosea, utalirudisha wapi?"

Nikamwambia nimemwelewa, tutalifikia, ndiyo maana lipo kwenye orodha. Mnajua ile ya kumwambia mtu mzima umemwelewa ili anyamaze.

Nikamhamishia kwenye sofa. Majeneza nikawapa wale mafundi vijana wawili, nikawaambia wayatoe haraka, mbao za kukingama waache, gundi na misumari inatosha. Na niwaambie kitu kinachoniuma mpaka leo: mpango ulifanya kazi. Sofa zikaanza kutoka kwa wakati, simu za Mtumba zikapungua, nikawa nakata namba moja moja pale ukutani kwa kalamu nyekundu nikiwa nasikia raha ya ajabu. Nilipofika ile ya watu hawatufahamu nikachapisha vibandiko, vya rangi ya dhahabu, jina la karakana na namba yangu ya simu, tukavibandika nyuma ya sofa, kwenye vitanda, na (nipeni pole) kwenye majeneza, ubavuni, upande wa kichwa. Mke wangu, Mama Neema, alikiona kile cha jeneza akaniambia jeneza siyo kreti la soda. Nikamjibu kwamba msibani ndiko wanakokusanyika watu wengi.

Baada ya miezi kadhaa mke wa Mzee Ndahani akafariki. Tulimwita Mama Eliya, na alikuwa mama wa kututumia karanga kila akivuna, na mlenda mkavu kwenye mfuko, kila fundi na mfuko wake, hata mimi. Aliugua wiki chache, akaletwa hospitali mjini, hakurudi. Niliumia kweli, msinione mtu wa ajabu. Ila chini ya ule uchungu (na hili sijamwambia hata Mama Neema) kulikuwa na sauti ndogo inaniambia kwamba hapa ndipo watu watajua mimi ni bosi wa namna gani. Nikatangaza kwamba jeneza natoa mimi, na siyo lolote tu, lile kubwa, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu.

Asubuhi yake Mzee Ndahani alikuja na mdogo wake kuliona. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na macho yamevimba. Alilizunguka, akainama, akagonga kitako kwa kifundo cha kidole mara mbili, akasikiliza.

"Nipe nusu siku, bosi, nilitie mbao za chini."

Nikamshika bega. Nikamwambia mzee, wewe ni mfiwa, huwezi kushika nyundo leo, watu watanionaje. Nikamwambia liko imara. Alinitazama kidogo, halafu akashukuru, na mdogo wake naye akashukuru, wakaondoka kwenda kupanga habari za gari.

Nilijuaje kwamba liko imara? Sikujua. Sikuwa nimeligeuza hata siku moja. Ningeweza kumwambia fundi mwingine azitie zile mbao, alasiri nzima ilikuwepo, lakini mafundi wote walikuwa wanamalizia seti ya sofa ya mteja aliyekuwa amepiga simu mara mbili tangu asubuhi.

Siku ya maziko tulimchukua marehemu chumba cha maiti, na mnajua mwili ukitoka kule unatoka na baridi na unyevu, shuka zikalowa, na chini ya shuka ni ile plaiwudi. Kutoka barabara kuu kwenda kijijini kwao ni njia ya mashimo na makorongo, pikapu inarukaruka mbele, mimi nafuata nyuma na gari langu pamoja na mafundi, na kila likiruka naliona lile jeneza linaruka nalo, na wazo pekee nililokuwa nalo, Mungu ananisikia, ni kwamba linang'aa vizuri juani.

Ibada ilifanyikia nyumbani. Watu walikuwa wengi, wamekaa chini ya maturubai na wengine kwenye kivuli cha nyumba, na baada ya wasifu msemaji wa familia akasema wanamshukuru bosi wa mzee wetu kwa sanduku hili zuri. Nikasimama. Mtu mwenye akili angeinamisha kichwa akakaa, mimi nikapunga mkono pande zote kama mgombea.

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la mtama, umbali wa hatua mia mbili hivi. Wazee wa pale wakajipanga kulibeba wanavyobeba wao, mabegani, mikono chini ya kitako, na kama ningekaa kimya wakalibeba hivyo basi huenda leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikaingilia. Nikawaambia hapana wazee wangu, hili lina vishikio, vimewekwa kwa kazi hiyo, tulibebe kwa heshima. Na mimi mwenyewe nikashika kishikio cha mbele, kulia, mahali pa kuonekana.

Tukaenda vizuri mpaka katikati ya shamba. Kwanza nilisikia mlio kama wa kitambaa kikavu kinachanwa taratibu. Nikafikiri ni suruali ya mtu. Halafu nikasikia uzito wote umehamia nyuma, na mtu wa nyuma yangu akasema "linaachia", kwa sauti ndogo tu, na kitako kikafunguka upande wa miguuni, kikaning'inia, na Mama Eliya katika shuka lake jeupe akaanza kushuka.

Hakufika chini. Mdogo wake Mzee Ndahani alikuwa nyuma, akajitupa magoti kwenye vumbi akampokea kwa mikono miwili, akabaki hivyo amemkumbatia shemeji yake, hasogei. Wanawake waliokuwa wanaimba wakanyamaza wote kwa mara moja. Halafu bila mtu kuwaambia wakaja, wakavua kanga zao za juu, wakazishika wakafanya ukuta kumzunguka. Na mimi nilikuwa bado nimesimama pale mbele nimeshika kishikio. Nasema kishikio, siyo jeneza. Kilikuwa kimeng'oka na skrubu yake, kiko mkononi kwangu, nami sijui nikiweke wapi.

Pale pembeni alikuwepo mzee mmoja asiyeona vizuri, akamwuliza mwenzake kwenye lile sanduku pameandikwa nini. Mwenzake akasogea akamsomea. Akasoma jina la karakana, akasoma namba ya simu yote, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma barua. Hakuwa na nia mbaya, aliulizwa akajibu, lakini katika ule ukimya kila mtu alisikia.

Mzee Ndahani alikuwa anatembea nyuma na watoto wake. Akaja. Sikuweza kumtazama usoni kwa hiyo nilitazama viatu vyake. Akasema mke wake arudishwe ndani akalazwe kitandani, na wanawake wakafanya hivyo. Akasema aletewe mlango wa stoo, ukang'olewa ukaletwa, mlango wa mbao nzito wa zamani, nadhani aliutengeneza yeye mwenyewe. Akaagiza msumeno, nyundo na patasi. Akavua koti akampa binti yake.

Kisha mtu yule, siku ya kumzika mke wake, akapiga magoti pale shambani akaanza kazi. Watu wakakaa chini kwenye mtama uliovunwa, juani, wanangoja. Mchungaji akaanzisha wimbo, ukaimbwa ukaisha, akaanzisha mwingine. Nami nikaenda kumshikia ubao, kwa sababu kusimama tu nilikuwa siwezi.

"Kaa tu, bosi," akasema bila kuinua kichwa. "Hii naijua."

Nikakaa. Nikamwona anakata mbao ya kwanza ya kukingama, anaipima, anaikata tena kidogo, anaipigilia. Ya pili. Ya tatu. Mafundi wangu wawili waliotengeneza lile jeneza walikuwa wamekaa mbali na mimi, wanalia, na mmoja wao aliinuka akaenda kumshikia, na huyo hakukatazwa. Mwisho akachukua patasi akakibandua kile kibandiko changu, polepole, kwa uangalifu, asije akakwaruza mbao. Kazi yote, bila vanishi wala urembo, ilimchukua kama saa nzima. Kazi ambayo mimi niliona haina nafasi alasiri nzima ya jana yake, na nafasi ilikuwepo.

Tukazika. Safari hii walilibeba mabegani, na mimi hakuna aliyeniita. Baada ya maziko nikanawishwa mikono, nikapewa ugali na mlenda kama wageni wote, na kijana wa kike akanipigia magoti kunisalimu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenicheka, hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Ningetamani wangenitukana, kwa sababu tusi unaweza kulijibu au ukaondoka nalo, lakini kile chakula nilikimeza kama changarawe, peke yangu kwenye mkeka, maana watu wengine wote walikuwa wamepata sababu ya kukaa pengine.

Mzee Ndahani alirudi karakanani baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga maneno, nimeona niongeze na mshahara. Alikuja na begi la kamba akaanza kukusanya vifaa vyake, randa yake, misumeno yake, bila haraka. Nikamwomba msamaha, na nilimwomba kweli, nilipiga goti pale kwenye vumbi la mbao mafundi wakiona.

"Inuka, Baba Neema," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza asiniite bosi. "Nilikusamehe palepale, ningezikaje na kinyongo? Lakini kazi na wewe siiwezi tena. Nilikuambia mara ngapi?"

Jibu alikuwa nalo. Akafunga begi, akawaaga vijana mmoja mmoja, akaenda. Siku hizi ana kibanda chake kule Chamwino, na ninasikia watu wanatoka hata mjini kumfuata.

Majeneza niliyokuwa nayo niliyapasua yote, nikaona hapo nimemaliza. Kumbe habari ilikuwa inatembea. Siku moja asubuhi akanipigia mama mmoja, akajitambulisha taratibu, akasema tulimtengenezea sanduku la kumzikia baba yake kabla ya ule msiba wa Chamwino, na akasema samahani kwa usumbufu, hana ugomvi, anataka kuuliza kitu kimoja tu. Anataka kujua kama na la baba yake chini lilikuwa hivyo hivyo.

Lilikuwa hivyo hivyo. Hakuna lililotoka kipindi kile ambalo halikuwa hivyo.

Nilimwambia hapana, mama, la baba yako lilikuwa zuri, lilitengenezwa na fundi mkubwa mwenyewe. Akashusha pumzi nikaisikia mpaka huku. Akanishukuru sana, akaniombea na baraka.

Nimeapa kwamba karakanani kwangu hakitoki tena kitu ambacho sijakigeuza kwa mikono yangu nikakiona chini, hata mteja apige simu mara kumi. Nimeapa pia kwamba kila Jumatatu, kabla sijasikia ya sofa, nawauliza mafundi ni kitu gani kibovu tunachokitoa na mwenye nacho hawezi kuja kusema, na nangoja mpaka wanijibu. Viapo hivyo navitunza, na vinawasaidia wateja wanaokuja sasa. Yule mama ananitumia salamu kila sikukuu, nami namjibu.